Riwaya ya Nne na Mate ya Mama Mkwe

Mume wangu ameua watu wengi, na wote amewaulia ng'ambo. Mmoja alimsukuma kutoka ghorofani kule Vienna, mwingine akamtilia sumu kwenye kahawa Istanbul, na dada mmoja mrembo akamzamisha ziwani Geneva akiwa na viatu vyake vya kisigino. Yeye mwenyewe hajavuka mpaka wa Kenya. Mbali kabisa alikofika ni Nairobi kwa mchapaji, na hata huko hakubali kulala, ati maji yao yana ladha ya mfereji.

Siku za kazi ni karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa hapa juu ya Kianjokoma. Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya kanisa ndipo anapoua. Vitabu vyake anavitoa mwenyewe: anaandika, anapeleka kwa mchapaji, anarudi na maboksi, kisha siku ya soko anayapanga pale Runyenjes kati ya mama wa maparachichi na muuza mitumba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, kwa hiyo nilipoolewa nilikuta kazi ya kusahihisha inaningoja, na hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

Sasa niwaambie hao majambazi wake walivyo. Wakikutana Milano kupanga wizi wa almasi, mkutano unafunguliwa kwa maombi. Kumbukumbu za mkutano uliopita zinasomwa na kuthibitishwa. Muuaji wa kukodiwa akibisha mlango anakaribishwa ndani, anaulizwa habari za nyumbani na za mvua, anawekewa chai, na anaimaliza yote ndipo atoe bastola, maana kuacha chai ya watu ni matusi. Nilimwambia, "Wewe, Wazungu hawafanyi hivi." Akaniuliza, "Kwani umewahi kwenda, mwalimu?" Nikarudi kusahihisha nukta. Wasomaji wetu nao hawajawahi kulalamika, ila mwendesha boda boda mmoja aliyenisimamisha njiani akitaka kujua kwa nini kule Geneva mgeni alipewa chai ya rangi, na ng'ombe wa Uswisi tunavyosikia wakisifiwa. Toleo lililofuata, maziwa yaliongezwa.

Lakini kuna jambo moja lililomnyima raha miaka yote hiyo, nalo ni mama yake. Kwetu, mtu haanzi jambo kubwa kabla mzazi hajamtemea mate. Msikunje pua. Ni mate kidogo tu, ya kunyunyiza kwenye viganja au kifuani, pamoja na maneno ya heri. Mama alimtemea alipokwenda kufanya mtihani, alipokuja kwetu kuniposa, hata aliponunua ng'ombe. Riwaya zake tatu zote alimpelekea na kumsomea kwanza, na mara zote tatu mama alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mdomo. "Mate yangu hayaendi hapo," alisema, basi.

Na mkosi ukaandama vitabu kweli. Cha kwanza kilitoka kurasa zimepinduka juu chini. Cha pili kilinyeshewa Ishiara, mahali ambapo watu huomba mvua kwa kufunga na kukesha. Cha tatu kilivishwa kimakosa jalada la mwongozo wa ufugaji wa kuku, na haki ya Mungu, ndicho kilichouzika kuliko vyote. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo.

Mwaka jana alipomaliza riwaya ya nne, mama alikuwa ameanza kusumbuliwa na kifua, na daktari wa Embu alituambia moyo wake umechoka. Mume wangu aliniambia wazi, tukiwa tunakamua ng'ombe: asipobarikiwa safari hii, anaacha kuandika. Nilimtania, nikasema Ulaya itapumua. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikafuta machozi, kwa sababu nampenda mtu huyu pamoja na wauaji wake wote, na sikujua angekuwa nani bila wao.

Safari hii alijipanga. Jambazi mkuu alimfanya aokoke ukurasa wa hamsini. Damu aliipunguza. Maombi aliyazidisha, mpaka kukawa na genge moja la Marseille linalofunga siku tatu kabla ya kuvamia benki. Jumapili moja tukateremka hadi kwa mama, tukamkuta nje ya jiko akipukuchua maharagwe. Mama hakwenda shule, kwa hiyo mume wangu humsomea akigeuza Kiswahili kuwa Kiembu papo hapo, na sauti anaibadilisha kwa kila mhusika. Inspekta wake wa Zurich ana sauti ya chifu wetu.

Alianza na mhasibu mmoja wa benki anayepatikana amekufa kwenye kituo cha treni. Alisoma vizuri. Alifika mahali polisi wanapima nyayo, mama akainua mkono.

"Ngoja. Huyu aliyekufa, ana mama?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama maharagwe.

"Sijaandika, mama."

"Kwani alizaliwa na jiwe?"

"La, mama. Lazima anaye."

"Basi nani amekwenda kumwambia?"

Akaanza kumweleza habari za ushahidi, na alama za vidole, na siri za upelelezi. Maskini, alikuwa anatoka jasho. Mama alimwacha aongee mpaka akaishiwa.

"Bunduki nimeisikia," mama akasema. "Rangi ya gari nimeisikia. Mpaka soksi za marehemu umenisomea. Ndugu yako mkubwa alipofia Nairobi, hakuna aliyekuja kuniambia. Nilikuwa pale chini nakata majani ya ng'ombe. Nikaona majirani wanaingia na viti. Nikawauliza, kuna nini, kuna harusi? Wote wakaangalia chini. Nilijua kwa viti."

Mume wangu alikuwa darasa la nne ndugu yake alipofariki. Hadithi hii hakuwa ameisikia, wala mimi. Alizikusanya karatasi zake magotini, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Vitabu vyote vitatu," mama akaendelea, "nilikaa hapa nikingoja ufike mahali mtu anakwenda kumwambia mama. Hukufika. Unawaua na kuwaacha hapo, unakimbilia ndege."

Tulipanda nyumbani. Kwa wiki kadhaa sikumtania, na kwangu hiyo ni kazi ngumu. Aliandika sura moja tu, akaifuta, akaiandika tena. Inspekta anaacha bastola ofisini, anasafiri hadi kijiji kilicho mlimani, anabisha mlango wa mama wa mhasibu. Kijiji hicho cha Uswisi kilikuwa na migomba na zizi, na mama huyo alikuwa anaosha nduma za kupika. Sikugusa hata mgomba mmoja. Aliniuliza mara nne kama habari ya namna ile mtu huisema akiwa amesimama au ameketi. Nilimwambia aketi, na asingoje chai.

Akamsomea mama siku ya manyunyu, sisi watatu tukiwa tumejibanza jikoni. Hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Mama alikuwa ameacha kupukuchua. Inspekta alipolisema lile neno, kwa kinywa chake, akimtazama yule mama usoni, mama yetu akauliza polepole:

"Alimshika mkono?"

Haikuwa imeandikwa. Mume wangu akatoa kalamu mfukoni, akaiandika pembeni mwa karatasi, akasoma: "Akamshika mkono."

Mama alinyoosha mikono akachukua zile karatasi, akazitemea mate kidogo, kisha akashika viganja vya mwanawe na kuvitemea pia, huku akisema maneno ya heri ambayo kwa kilio changu sikuyasikia yote. Halafu akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akavuta beseni lake la maharagwe.

"Haya," akamwambia. "Sasa unaweza kumuua."