Flash Mbili Kutoka Kikopey

Sogeeni karibu, na kicheko chenu mkimalize sasa hivi, kwa maana aibu hii ni yangu na nimeshaizoea.

Mwaka 2007 nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Longonot, nikapata simu, na mtu akipata simu, mnajua, hupata na akili nyingi za ghafla. Nikawakusanya wajawazito, nikawaeleza polepole mpango wangu wa kisasa: hakuna haja ya kredo, ukiwa salama niflash mara moja, yaani piga ukate kabla sijapokea, uchungu ukianza niflash mara mbili, nami nitaleta gari. Wakapiga makofi. (Hakuna aliyeniuliza ni Mkenya gani huflash mara moja akatosheka.)

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Nyambura, ambaye mtoto wake wa kwanza alifia njiani kabla hawajafika hospitali. Jumamosi moja namba yake ikalia, ikakatika, ikalia tena, ikakatika. Nikapiga, hapatikani. Nikakimbia kwa Mzee Singh mwenye duka la hadiwea, akatoa pikapu, tukatupa godoro nyuma, nesi wa zahanati akapanda na kuvaa glavu kabisa, na jirani alipotuambia Nyambura ameenda Kikopey kwenye nyama choma, tukaingia huko tukipiga honi kama msafara wa waziri.

Nyambura alikuwa mbele ya bucha, ubavu wa mbuzi mkononi.

"Sista, kwani nani anazaa?" akaniuliza.

"Si umeflash mara mbili?"

"Ya kwanza hukunipigia, nikarudia! Nilitaka kuuliza kama naweza kula pilipili."

"Daktari," mwenye bucha akaniita, "hilo godoro ni la mbuzi?"

Wateja wakacheka mpaka wakasahau nyama, na Kikopey hilo si jambo dogo.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafua, namba ya Nyambura ikalia na kukatika mara mbili. Nikasema, kwa hekima yangu yote, "Pilipili tena," nikaendelea kusuuza. Ilipolia tena nikaizima.

Jioni Mzee Singh akasimamisha pikapu mlangoni pangu, shati lake lina damu. Mama mkwe wa Nyambura alikuwa amemkimbilia dukani kwa miguu, na mtoto akazaliwa njiani, juu ya lile lile godoro, ambalo mzee hakuwa amelishusha.

"Mama mzima, mtoto mzima," akasema. "Na simu yako, iko mzima?"

Ule mpango wa kisasa niliuzika siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo rafiki yangu, ukiwa na mgonjwa usiflash: weka kredo hata kidogo, piga, na usikate mpaka umsikie mtu akisema, "Nakuja."