Kayaki ya Zubeiri

Zubeiri alizaliwa Tiwi, pwani ya kusini, lakini ujana wake aliumalizia Gikomba, Nairobi, akiunda vitanda na makabati. Alipanga chumba Majengo na mkewe, Muhiba. Mwaka wa 1979, mkokoteni uliosheheni mbao uliwaponyoka waliousukuma kwenye mteremko, ukamgonga kwa nyuma. Alitoka hospitalini akiwa hai, ila miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

Randa haipigwi na mtu aliyeketi. Alishinda mlangoni juu ya mkeka, akiwatazama wengine wakienda sokoni. Muhiba alikaanga mihogo barazani ili wapate kula. Wageni waliokuja kumjulia hali walipungua, hata akabaki Gichuru peke yake, seremala mwenzake wa miaka mingi.

Kwa muda mrefu Zubeiri hakuwa na la kusema. Kisha jioni moja akamsimulia Gichuru vyombo alivyoviona zamani kwenye hoteli ya watalii: vyembamba, vya mtu mmoja, anayeketi amenyoosha miguu na kupiga kafi lenye bapa pande mbili. Viliitwa kayaki. Kazi yote ni ya mikono na kifua. Alitaka waunde kimoja, arudi kwao akavue.

Gichuru aliuliza kikipinduka itakuwaje.

"Mimi nimeshapinduka hapa nchi kavu," Zubeiri akasema.

Waliiunda nyuma ya banda: mbavu za mbao nyepesi, plaiwudi, na turubai iliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Zubeiri alielekeza akiwa chini, Gichuru akapiga misumari. Wapita njia walidhani ni jeneza, wakatoa pole. Muhiba aliiogopa, maana baba yake alikufa maji. Hata hivyo alifunga mizigo, wakasafiri hadi Tiwi, kayaki ikiwa juu ya basi.

Mwanzoni Zubeiri alivua ndani ya mwamba unaozuia mawimbi, kwenye maji matulivu, akipata tafi na changu. Mikono ilipozoea, akaanza kutoka nje, na mshipi wake, kupitia mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu.

Siku moja bahari ilichafuka akiwa huko nje. Mlangoni mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe. Alijua mawimbi huja kwa makundi, basi akangoja mbali na yanapovunjikia, akayaacha makubwa yapite, ndipo akapiga kafi kwa nguvu zote. Alikuwa katikati ya mlango wimbi jingine lilipomnyanyua kwa nyuma. Kayaki ikageuka ubavu, ikapinduka.

Chini ya maji, miguu haikumtii. Alijivuta nje kwa mikono, akashika kamba ya kayaki na kukataa kuiachia. Mawimbi yaliyofuata yakamsukuma pamoja na kayaki hadi ndani ya mwamba. Muhiba, aliyekuwa akitazama tangu mwanzo, aliingia majini na nguo zake na kumburura hadi mchangani. Viwiko vya mumewe vilikuwa vimechanika. Samaki wote walikuwa wamekwenda.

Zubeiri akalia, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alisema anajua sasa Muhiba atamkataza.

Muhiba alimfuta mchanga usoni. "Kesho usitoke, Baba Lela," akasema. "Kesho kutwa, bahari ikitulia."

Alitoka. Alijifunza kuegemea upande wa wimbi na kulilaza kafi juu yake, badala ya kulikimbia. Alipinduka tena mara nyingi, na kila mara alirudi ameshika kamba.

Alivua hivyo miaka kadhaa, mpaka homa ilipomchukua akiwa kitandani, mwaka wa 1986. Muhiba alirudi Majengo kuishi na binti yao, Lela, aliyebaki katika chumba kile kile. Gichuru alikuja kumpa pole. Alimwuliza Muhiba kama hakuwahi kujuta kumruhusu Zubeiri atoke tena.

Muhiba alisema aliogopa kila siku aliyotoka. "Lakini akirudi," akasema, "alirudi na maneno. Ananieleza wimbi hili lilivyokuja, na samaki yule alivyovuta. Hapa mlangoni, Gichuru, unakumbuka, alikuwa ameacha hata kuitikia salamu."