Folda ya Marehemu Albano

Nianze kwa kusema nimechoka, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa raha. Nina miaka hamsini na moja, na kazi yangu ni kuzunguka na begi la nyaya, leo Tandika kesho Mikocheni, kufufua kompyuta za watu wasiotaka kusoma kilichoandikwa kwenye skrini. Wananiita Fundi Bene. Benedicta ni jina la kwenye vyeti, na Bukoba nilikozaliwa sijakanyaga mwaka wa sita huu.

Jumatano hiyo nilikuwa Chamazi, kwenye kituo kidogo cha eksirei cha Mzee Fransis. Kituo kilikuwa kimefungwa siku tisa kwa msiba. Albano, mpiga picha wao wa miaka tisa, alilala Jumapili akilalamika kichwa, Jumatatu hakuamka. Tulimsafirisha kwao Ndanda. Nilipanda basi la msiba, nikazika, nikarudi sina hamu ya kuongea na mtu. Sasa ndiyo siku ya kwanza ya kufungua kituo, na mpiga picha mpya, mama mmoja wa makamo anaitwa Marietha, alikuwa anaanza kazi.

Pale kazi inakwenda hivi. Picha ikishapigwa inatumwa kwenye seva, ambayo ni kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya kaunta, inaendeshwa na programu ya Linux. Niliifunga mwenyewe. Daktari anayesoma picha yuko Mikocheni. Anaingia kwenye seva kwa mtandao, anachota picha kwenye folda moja tu aliyoruhusiwa, anaandika ripoti, anairudisha hapo hapo. Miaka tisa haijasumbua, na kitu kisichosumbua mie hukiachaga kama kilivyo.

Asubuhi nilimfungulia Marietha akaunti yake, nikanywa chai, nikaanza kukunja nyaya zangu. Saa tano na nusu akaniita.

"Dada Bene, inakataa."

"Inakataa nini?"

"Kutuma. Naingia vizuri, nikituma tu inaniambia sina ruhusa."

Mgonjwa mwenye hiyo picha alikuwa amelazwa kwenye benchi. Bi Somoe, bibi wa miaka sabini na kitu, kutoka Mbande. Aliteleza kwenye kibaraza cha jirani akaangukia nyonga. Binti yake Mauwa alikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, ameishika hata imelegea kwa jasho. Hospitali ilishampa mama yake kitanda, kesho anafanyiwa upasuaji, ila ripoti ya picha iwe imefika kabla ya saa tisa alasiri. Isipofika, kitanda anapewa mwingine na Bi Somoe anangoja mwezi ujao. Na daktari wa Mikocheni alikuwa anaondoka saa nane kuwahi ndege ya Mwanza.

Nikasema tumtumie daktari kwa WhatsApp. Nikampigia, akakataa, tena kistaarabu tu: picha ikipita huko inabanwa, na ufa mwembamba wa mfupa hauonekani. Yeye hasaini kitu ambacho hajakiona. Kuiweka kwenye flashi na kumpa bodaboda toka Chamazi hadi Mikocheni, na mvua iliyokuwa inanyesha, angeikuta ofisi imefungwa. Nikakunjua nyaya, nikakaa chini ya kaunta.

Nikaanza na ya kijinga, maana aghalabu ndiyo yenyewe. Diski imejaa? Haijajaa. Nimekosea jina la Marietha? Sikukosea. Yumo kwenye kundi la wanaoruhusiwa kuweka picha? Yumo. Nikaitazama folda ya picha yenyewe: kundi linaruhusiwa kusoma, linaruhusiwa kuandika, kila kitu kiko sawa. Nikamwambia Marietha ajaribu tena. Ikakataa. Nikaizima huduma ya kupokea faili, nikaiwasha. Ikakataa. Saa sita na nusu hiyo, na Bi Somoe anaguna kila akijaribu kugeuka.

Wapo mafundi ambao wangefungua kila kitu kwa kila mtu, wakafunga begi wakaondoka. Nawajua, nimeshasafisha uchafu wao Kinondoni nzima. Mifupa ya watu, majina yao, miaka yao, yote inabaki wazi kwa yeyote atakayepita kwenye mtandao. Mie sifanyi hivyo hata niwe nimechoka namna gani.

Kwenye hizi mashine faili halifikiwi kwa kuruka. Unaanzia juu, unashuka folda moja moja, na kila moja lazima ikupitishe. Ukiwa na ufunguo wa chumba cha uani lakini geti la nje limefungwa, utalala barabarani. Basi nikaanza upya kutoka juu, naziangalia moja baada ya nyingine. Ya kwanza inapitisha. Ya pili, iliyoandikwa jina la Albano, imefungwa. Anayepita ni Albano peke yake.

Hapo niseme ukweli wangu. Miaka tisa iliyopita, siku naifunga seva ile, nilikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Albano ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa kwanza kufunguliwa akaunti, nikaiweka folda ya picha ndani ya folda yake, nikasema nitaihamisha wiki ijayo. Sikuihamisha. Uvivu wangu, sina wa kumsingizia.

Lakini kuifunga sikuifunga mie. Nikaiuliza mashine ilifungwa lini. Ikanijibu: Jumamosi, saa tisa alasiri. Saa hiyo sie tulikuwa makaburini Ndanda, padri anamaliza sala. Na nywila kubwa ya seva, ile inayofungua na kufunga kila kitu, tunaijua watu wawili tu, mie na Mzee Fransis.

Nikamfuata Mzee Fransis ofisini kwake. Shikamoo nilishampa asubuhi, kwa hiyo sikuirudia.

"Mzee, umeifunga folda ya Albano?"

Akavua miwani. "Nimemwekea vitu vyake vizuri, Bene. Koti lake nimelikunja, droo yake nimeitia kufuli, na vya kwenye kompyuta nimevifunga kama ulivyonionyesha mwaka juzi tulipomwachisha yule karani. Kwetu vitu vya marehemu havishikwi kabla ya arobaini. Ndugu zake wakija watafungua wenyewe."

"Mzee, picha za wagonjwa wote zimo humo humo."

"Si umeziandika jina lake?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia mzee, nikajikasirikia mwenyewe, nikamkasirikia hadi Albano kwa kufa bila kuniambia kichwa kinamuuma tangu lini. Ningeweza kurudi kwenye kaunta nikaifungua bila kumuuliza mtu. Ni amri moja, mstari mmoja. Lakini kituo ni cha Mzee Fransis. Tena presha ilimzuia kwenda kuzika, akabaki hapa peke yake, na kukunja koti na kufunga folda ndiyo heshima aliyoweza kumpa mtu wake.

Nikamweleza habari ya kitanda, ya saa tisa, ya ndege ya Mwanza. Akasema anasikia, anamhurumia bibi wa watu, lakini na yeye anaogopa. Ndugu wa Albano watasema hata arobaini hawakuweza kungoja.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Somoe akasema kutoka kwenye benchi, sauti imekatika kwa maumivu:

"Mwanangu, kama ni vitu vya marehemu, msivichokonoe kwa ajili yangu. Nitangoja huo mwezi mwingine."

"Mama, utangojaje?" Mauwa akamwambia. "Wiki nzima hii hujalala."

"Nitangoja."

Wallahi nilitaka kulia. Bibi anaacha kitanda chake kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura, na mzee ameinamisha kichwa kama kwamba neno limeshakwisha. Saa saba na robo hiyo.

"Tumpigie mjane," nikasema. "Kabla ya ndugu wote, yupo mke."

Mzee Fransis akafikiri, akanipa simu yake. Rosalia alikuwa bado Ndanda, kwa wakwe zake. Akapokea, nasikia wanawake wanaosha vyombo nyuma yake. Tunaitanaga wifi, maana Albano nilimhesabu kaka.

"Wifi, pole," nikamwambia, na nikamweleza yote, sikuficha hata uvivu wangu. Nikasikia anatembea, sauti za vyombo zikapungua.

"Mashemeji wamefunga chumba chetu cha Mbagala," akasema. "Ufunguo wanao wao. Simu yake wamechukua. Nimeomba shati moja tu la kazi, nikaambiwa arobaini. Na nyie huko mmemfungia kazi yake."

"Tumeifunga, wifi."

"Huyo bibi anaumwa wapi?"

"Nyonga."

"Albano angekuwa hapo angemrudisha?"

"Hapana."

"Basi fungua. Wakiuliza, waambie mkewe kasema." Kisha akaongeza, taratibu, "Ila jina lake usilifute."

"Silifuti."

Nilimpa Mzee Fransis simu asikie mwenyewe. Akasema ndiyo mama, ndiyo mama, mara tatu nne, akanitazama akanionyesha kaunta kwa kidole.

Folda nikaiacha kwa jina la Albano. Kundi la kazini, daktari akiwemo, nikalipa haki ya kupita tu, si kuchungulia vitu vyake vingine. Marietha akatuma. Picha ikapita saa saba na dakika thelathini na nane. Nikampigia daktari, akasema anaiona. Tukakaa, Mauwa amesimama mlangoni tayari ameita bajaji. Saa nane kasoro dakika tano ripoti ikaingia: mfupa umevunjika shingoni mwa nyonga, upasuaji usicheleweshwe. Tukaichapa, Mzee Fransis akaigonga muhuri, tukambeba Bi Somoe watu wanne mpaka kwenye bajaji. Akaniambia Mungu akulipe. Nikamwambia bibi, we nenda.

Saa kumi na moja, niko kwa mteja mwingine Mbagala, chini ya meza nyingine, simu ikaita. Rosalia.

"Wifi, yule bibi amepata kitanda?"

"Amepata. Mauwa kanipigia sasa hivi. Kesho asubuhi anaingia."

"Haya."

Nikadhani atakata. Hakukata, na mie sikukata.

"Tangu tumzike," akasema, "ni nyie tu mlioniuliza kitu."