Fungate ya Diskasi wa Bwana Zahran

Kama kuna mtu Mkunazini asiyemjua Bi Asila, basi mtu huyo hajaoa wala hajaolewa. Kwa miaka thelathini yeye ndiye somo wa nusu ya maharusi wa mtaa huo: amewasinga kwa manukato, amewafunda, amewakalia mlangoni siku saba za fungate na kuwafukuza mawifi wenye kiherehere. Ni mkali, ni mcheshi, na ulimi wake hauna breki. Siku hizi kazi imepungua kwa sababu mabinti wanafundwa na simu, jambo analolitaja kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Mumewe, Bwana Zahran, ni mpole mpaka anakera. Alikuwa karani bandarini, akastaafu, na tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye kiti cha sebule ya juu akitazama ukuta. Kilichomwinua ni tangi la kioo la futi tano, alilolipanda majani ya majini kwa mikono yake mpaka likawa bustani. Humo akatia samaki wanne wa diskasi, wa duara na bapa kama visahani vya chai, wenye rangi zinazoshinda kanga. Aliwamimina jioni ile ile walipofika, akawasha taa zote na kuliita baraza zima lije kuona. Watu wakagonga kioo, wakapiga picha. Kufikia siku ya nne samaki wote walikuwa wanaelea kwa ubavu. Zahran akawazika kwenye chungu cha asumini, akarudi kwenye ukuta wake.

Miezi mitatu baadaye akaagiza wengine watano kutoka Dar es Salaam, wakaja kwa boti. Alimwambia mkewe kwamba hawa nao wakifa, tangi litatoka ndani na yeye asiulizwe tena kitu. Bi Asila alimcheka usoni, lakini alipoingia jikoni kicheko kilimwisha. Ukuta ule aliuchukia kuliko ambavyo angemchukia mke mwenza.

"Safari hii naingia mimi," alisema. "Wewe uliwapokea wageni kama mzigo wa bandarini. Hawa ni maharusi, watakaa fungate."

Na wakakaa. Mifuko ya plastiki waliyokuja nayo iliachwa ielee juu ya maji ya tangi nusu saa nzima, mpaka joto la ndani na la nje likalingana. Kisha Zahran akawaongezea maji ya tangi ndani ya mfuko, kikombe kimoja kimoja, huku mkewe amemsimamia, mikono kiunoni. Walipotiwa tangini taa zilizimwa, na pazia zito la kijani likatundikwa mbele ya kioo. Siku ya kwanza hakuna chakula. Kugonga marufuku, wageni marufuku, na Zahran mwenyewe haruhusiwi kuchungulia ila kwa idhini.

Sasa, dirisha la sebule ile linatazamana na la Bi Dalal, mshonaji, na uchochoro ulio katikati ni mwembamba kiasi cha kupokezana bakuli. Dalal ana cherehani moja na masikio ya watu wanne. Siku ya pili alimsikia Bi Asila akimwambia mumewe, aliyekuwa akimchungulia samaki mmoja mwekundu: "Usimwendee kwa pupa. Mzimie taa, mwache akuzoee. Mwenzio bado anaona haya, hata kula hajala."

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Zahran, mtu mzima na mvi zake, kaongeza mke, na kwamba mkewe wa kwanza ndiye somo.

Habari zilimfikia Bi Asila sokoni Darajani, kwa Zeyana muuza viungo, aliyempa pole na kumzidishia iliki bila kuombwa. Angeweza kusema kweli pale pale. Lakini masihara yalimpanda, na miezi mingi ilikuwa imepita hajacheka vizuri. Akashusha pumzi ndefu, akasema yeye ameridhia, mradi mwenyewe afurahi. Zeyana akauliza huyo mke yukoje. Bi Asila akajibu kwamba ni wa duara, mwekundu, ana mistari mwili mzima, na katoka bara. Zeyana akatikisa kichwa na kusema kweli, michoro ya piko mwilini siku hizi wanazidisha.

Kila siku akaongeza kidogo. Alisema mgeni wake hapendi baridi, maji yake lazima yawe ya uvuguvugu. Alisema hali wali wala mkate, anataka kamba wa kusagwa wenye tone la kitunguu thomu. Hakusema uongo hata mara moja, na hilo ndilo lililomfurahisha zaidi.

Lakini kicheko kilianza kumkwama. Samaki wanne walikula siku ya tatu. Wa tano, yule mwekundu mkubwa ambaye Zahran alimpenda kuliko wote, alijibanza nyuma ya majani, rangi ikaingia weusi, na chakula kikampita puani. Siku ya tano hivyo hivyo. Siku ya sita Zahran naye aliacha sahani yake bila kuigusa.

Siku ya saba, alasiri, hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Dalal na wanawake saba, wana halua, udi na doti ya kanga, wamekuja kumtazama bi harusi anayetoka fungate. Bi Asila akaziba njia ya ngazi. Vigelegele vya wanawake wanane vingempeleka yule samaki moja kwa moja kwenye kioo, na mkosaji angekuwa yeye na masihara yake. Akawaambia ukweli wote pale ngazini. Hawakumwamini. Dalal alisema masikio yake hayajawahi kumdanganya.

Ikabidi ampandishe Dalal peke yake, ncha ya leso mdomoni, kwa sharti la kutotoa sauti.

Juu, Zahran alikuwa amepiga magoti kando ya pazia alilolifunua kidogo, mkono majini, vidoleni ana chembe za kamba. Hakugeuka. Dalal alichungulia nyuma ya mlango, kisha nyuma ya kabati, ndipo akaliona tangi. Na hapo majani yakasogea. Mwekundu alitoka polepole, akasimama mbele ya vidole, akachukua chembe, akaitema, akaichukua tena na kuimeza. Akarudi kutaka nyingine. Machozi yakamtiririka Zahran mpaka ndevuni.

"Bi Asila," Dalal alinong'ona, "mke sikumwona. Lakini mtazame mumeo anavyomwangalia samaki huyu. Wewe ushaangaliwa hivyo?"

Bi Asila alimtazama mumewe. Wivu ulimchoma, wivu wa kweli, wa kumwonea samaki. Kisha Zahran, bila kuondoa macho kwenye kioo, akanyoosha mkono nyuma, wenye maji na harufu ya thomu, akaupapasa wa mkewe mpaka akaupata.

"Somo wangu," alisema, "kala."

Kigelegele kikampanda Bi Asila hadi kooni, na Dalal ndiye aliyeitoa leso mdomoni mwake upesi akamziba nayo mwenzake.