Siku Mama Sponji Alipokataa Advansi

Dada yangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Mama Sponji. Ukikuta kochi watoto wanalirukia mwaka wa pili na bado halijabonyea, ujue ni kazi ya mkono wake. Mimi ni mdogo wake, nilikuwa namsaidia kukata sponji na kupaka gundi, na nasema mapema: mdomo wangu hauna breki.

Mambo yaliharibika pale mwenye hoteli mmoja alipochukua makochi ya ukumbi mzima kwa ahadi, akafunga hoteli, akayeyuka. Dada alikuwa amekopa kununua vifaa vya kazi ile. Kukopa harusi, kulipa matanga! Watu wa mkopo wakamwita, wakakubaliana alipe kidogo kidogo kila mwezi. Akikosa, wanabeba kila kitu cha karakana, na cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi ndiyo ya kwanza.

Akajitahidi. Lakini ili alipe, akafanya kile ambacho mafundi wote wanakijua na hakuna anayekisema: hela anayotanguliza mteja mpya, yaani advansi, anaipeleka kwenye deni, halafu anangoja mteja mwingine alete hela ndipo amnunulie kitambaa yule wa kwanza. Wateja wakaanza kuzungushwa. Njoo Ijumaa. Ijumaa ikifika, njoo Jumatatu. Bibi mmoja mstaafu alikuwa anakuja kuulizia kiti chake, anakaa kwenye benchi la mbao akijishika kiuno, kisha anaondoka kimya. Siku moja hakunyamaza.

"Mwanangu, kama huna, niambie huna. Nimechoka kuvaa vizuri ili nije kudanganywa."

Dada hakula siku ile. Kesho yake akauza friji, akauza na kitanda chake, akamaliza kiti cha bibi, kisha vya wengine wote waliokuwa wamelipa. Tarehe ya rejesho la mkopo ikawa inakaribia na mkononi hana kitu.

Ndipo akaingia mwenye saluni mmoja, mama wa kujiamini, akaweka bunda la noti mezani. "Nataka viti vya saluni nzima, na hela yote hiyo hapo. Nimeambiwa fundi ni wewe tu."

Jamani! Bunda lile lilitosha rejesho na chenji inabaki. Nilimkonyeza dada mpaka jicho likaniuma. Naye akalisukuma bunda taratibu kumrudishia mwenyewe.

"Kanunue kitambaa na sponji mwenyewe, nitakupa vipimo. Hela ya ufundi utanilipa ukishavikalia."

"Mimi nina muda wa kuzunguka madukani?"

"Basi utanisamehe, mama."

Mwenye saluni akabeba hela zake, akatoka. Mimi nikalipuka. "Umerogwa? Riziki inakuja kwa miguu yake unaifukuza! Watakufilisi hawa!"

"Acha wanifilisi, mimi ndiye niliyekopa," akasema. "Yule mama amekopa nini?"

Nikachukua ufagio, nikafagia vipande vya sponji kwa hasira.

Hakungoja wamfuate. Alikwenda ofisini kwao mwenyewe, akamwambia afisa, "Nimeshindwa. Njooni mchukue." Yule afisa amezoea kufichwa na kutukanwa, akabaki anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Walipokuja, walikuta cherehani imefutwa vumbi na kutiwa mafuta. Dada akawaonyesha wabebaji pa kuishika.

"Polepole, wanangu. Ikivunjika itauzwa bei ya chuma chakavu, na deni litabaki pale pale."

Muuza duka wa mbele akacheka. Nilimpa maneno yake, na sitayarudia hapa.

Vitu vya karakana vikauzwa, deni likapungua, halikwisha. Jumatatu dada akafunga aproni yake, akanichukua mpaka karakana ya binti mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Binti akaruka kutoka kwenye kiti. "Bosi!"

"Bosi ni wewe. Mimi nina sindano na mikono. Una kazi?"

Niliona aibu mpaka shingo ikaniwaka. Dada hakuwa nayo hata chembe, na ndipo nilipojua kwamba nimezaliwa nyuma ya mtu mkubwa. Binti akampa meza ya dirishani, lakini wiki nzima alikuwa anapiga hodi ndani ya karakana yake mwenyewe kabla ya kumtuma kitu.

Siku ya malipo dada alipitia kwanza kwa watu wa mkopo, akatoa walichokubaliana upya. Kilichobaki akanunulia mkate. Nilipouona mezani nikauliza kwa mazoea ya zile siku za advansi, "Huu ni wa hela ya nani?"

Dada akakata kipande kinene, akaniwekea mkononi.

"Kula, mdogo wangu. Huu hauna mtu anayeungoja."

Nikala huku nalia, mdomo umejaa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno.