Mashine iliyorudi mara ya tatu kwa Fundi Batuli

TABORA, 1975

Saa mbili na nusu asubuhi. Barazani kwao, mtaa wa Gongoni, Batuli binti Nassibu ameigusisha ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa teprekoda, na mpini wake ameubana nyuma ya sikio. Amefumba macho. Jirani anayepita na ndoo anataka kumwamkia, kisha anaghairi na kwenda zake kimya kimya.

"Haya, niimbie tena," Batuli anamwambia mteja wake.

Mteja huyo ni Apolinaria, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa jirani na Ziba. Anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anaimba kwa aibu: "Du, du, du, du."

"Polepole hivyo, au haraka?"

"Mwanzo polepole. Siku zikienda, meza yote inatetemeka. Sauti nazo zinatetemeka. Wanakisomo wangu tukiwanasa sauti wakisoma, wakijisikia wanacheka wenyewe. Mzee mmoja amekataa kabisa kusoma mbele ya mashine. Anasema hakujua kwamba anaongea kama mbuzi."

Batuli anafumbua macho. Angecheka, lakini leo kicheko hakiji. Hii ni mara ya tatu mashine hii inaletwa kwake na ugonjwa uleule, na katika nyumba ya Mzee Nassibu mara ya tatu si jambo la mzaha.

Kila mteja anayefika kwenye baraza hiyo lazima aimbe. Apende asipende, ataigiza kwa mdomo mlio wa mashine yake kabla Batuli hajagusa skrubu hata moja. Wapo mabwana wakubwa wenye mikoba ya ngozi waliosimama hapo wakinguruma kama paka. "Mashine ni mgonjwa asiyesema," anaeleza. "Anayemuuguza ndiye atakayenieleza. Na mtu akiimba hadanganyi."

Baada ya wimbo, mashine huwekwa mezani, halafu sakafuni, halafu juu ya blanketi lililokunjwa. Mlio ukibadilika, basi mwenye makosa ni meza. Usipobadilika, Batuli huuwinda kwa bisibisi ile sikioni, nati hadi nati.

Umri wake ni miaka thelathini na minne. Ufundi kwao ni wa kurithi. Babu wa babu yake alifika Tabora na misafara ya kutoka pwani, akitengeneza bunduki za wapagazi, na msafara uliporudi yeye akabaki kwa sababu ya mwanamke. Baba yake, Mzee Nassibu, ametengeneza saa kwa miaka arobaini mpaka macho yakakataa. Wanawe wa kiume walivutwa na reli. Batuli ndiye aliyebaki na kibao cha kazi, na watu wakasema mengi.

"Walisema mwanamke ataharibu mali za watu," anakumbuka. "Wengine bado wanasubiri niharibu. Nawaambia, leteni viti, mtasubiri sana."

Mwezi mzuri humpa shilingi mia tatu hivi. Mwezi mbaya hula mihogo na kushukuru. Tangu mwaka jana amepewa kutengeneza teprekoda kumi na moja za madarasa ya kisomo vijijini, na kazi hiyo ndiyo inayoshika nyumba.

Lakini Mzee Nassibu ana sheria yake aliyoipokea kwa wazee: kosa lilelile likirudi mara tatu, mashine si yako tena. Utampa fundi mwingine, na utakwenda kwa miguu yako mwenyewe kumwambia mwenye mali kwamba umeshindwa. Fundi mwingine wa teprekoda aliye karibu yuko Mwanza. Mashine moja ikienda Mwanza, Batuli anajua fika, zile kumi zitaifuata.

Mara ya kwanza aliukuta ugonjwa upesi. Ndani ya mashine mna gurudumu dogo la mpira linalobanwa na mhimili wa mota ili kuzungusha tepu. Mpira ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na kila ulipozunguka bonde lile lilipiga: du. Alilisugua gurudumu kwa msasa hadi likawa duara, akajipongeza. Baada ya miezi miwili, du. Mara ya pili akatoa gurudumu zima kutoka kwenye gramafoni iliyokufa. Miezi miwili, du.

Asubuhi hii analitoa gurudumu lile, analiweka kiganjani na kulizungusha kwa kidole. Bonde ni moja tu. Kwingine kote mpira ni mzima.

"Baba, hebu lipapase," anasema.

Mzee Nassibu, aliyekaa mkekani na kahawa yake, analipapasa kwa kidole gumba. Vidole vyake havijazeeka.

"Hili halikuchoka," anasema mzee. "Lingechoka, lingelika pande zote. Hiki ni kidonda cha mtu aliyelala ubavu mmoja muda mrefu. Lakini mwanangu, hesabu imetimia. Mara tatu."

"Hesabu ni ya mashine kuja kwangu, Baba. Mimi kwake sijaenda hata mara moja."

Mzee anakunywa kahawa kidogo. Anaukumbuka vizuri mkasa wa sinia. Bwana harusi mmoja wa mtaa wa pili alileta redio yake mara tatu kwa sababu ya mlio wa zzzz, na hapo barazani redio iliimba safi kama kinanda. Mzee alipojikongoja hadi nyumbani kwa bwana harusi, akakuta sinia la shaba la bibi harusi limetundikwa ukutani juu ya redio, linatetemeka kila taarabu ikipigwa.

"Basi nenda," anasema. "Ukirudi mikono mitupu, barua ya Mwanza nitakusomea mwenyewe uiandike."

Batuli akalisugua gurudumu likawa duara, na kesho yake yeye na Apolinaria wakapanda basi la Nzega, kisha lori la pamba. Walifika kijijini saa tisa alasiri wakiwa weupe kwa vumbi. Kwenye kibanda cha jenereta alikaa mzee mrefu mwenye koti la khaki, akiipangusa mashine yake kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba," Batuli alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Karibu. Mimi Masolwa, mlinzi wa umeme."

Saa kumi darasa likaanza. Watu wazima thelathini na saba, wengine na watoto mgongoni, walikaa kwenye magogo. Teprekoda iliwekwa juu ya meza imara. Batuli aliipapasa meza, akachungulia chini yake, akaigusa mashine kwa bisibisi. Kimya kitamu. Somo la mbolea likaenda hadi mwisho bila du hata moja, naye akaanza kuona kwamba nauli yake imekwenda bure.

Sauti ya kwenye tepu ikasema, "Kwa leo tunaishia hapo." Neno "hapo" halijakauka, jenereta ikazimwa. Puu! Mashine ikanyamaza. Apolinaria akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma chenye maua mekundu, akageuka kukusanya daftari.

"Subiri, Mwalimu," Batuli alisema. "Funua."

Mkono wa kuchezeshea tepu ulikuwa chini vilevile, umebana. Batuli akafungua kifuniko, akainama. Gurudumu la mpira lilikuwa limekandamizwa na chuma cha mota, halizunguki.

"Mkono huu mnaunyanyua lini?"

"Tukibadilisha tepu," Apolinaria alijibu. "Yaani... kipindi kijacho. Ijumaa."

"Leo ni Jumatatu!"

Batuli akakaa juu ya gogo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Siku tatu au nne, kila mara, mpira umelalia chuma. Jiwe lenyewe lingebonyea.

Masolwa alifika akiwa na fahari yake. Dizeli hutoka Nzega kwa madebe, akaeleza, na mkutano wa kijiji ulimwagiza asipoteze hata tone. Kwa hiyo hutega sikio, na somo likisema neno la mwisho, yeye huzima. "Mali ya wote hiyo," alisema. "Hata pumzi moja haipotei."

Palepale watu wakaanza kutazamana. Apolinaria akamnong'oneza Batuli kwamba mzee aliyekataa kusoma mbele ya mashine ndiye huyu.

Hapo Batuli hakucheka. Alimwomba Masolwa akae, akamwonyesha gurudumu, bonde na chuma. Akamwambia waziwazi kwamba sauti yake haikuwa na kasoro yoyote. Mashine ndiyo iliyokuwa inachechemea, na kilichoivunja mguu ni kule kuzima umeme kabla mkono haujanyanyuliwa.

Mzee alilipapasa bonde lile kwa kidole. "Kwa hiyo aliyenifanya mbuzi ni mimi mwenyewe," alisema hatimaye, na darasa zima likaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Kibao cha onyo cha kutundika kwenye kibanda cha jenereta kilitengenezwa jioni ileile kwa ubao wa sanduku la sabuni. Batuli alitaka kukiandika. Masolwa akamnyang'anya mkaa. Alianza kisomo akiwa na miaka hamsini na minane, na kila herufi aliisimika kama anayeweka uzio wa ng'ombe.

Sasa imepita miezi mitatu, na Batuli amerudi kwenye baraza yake. Anataka kuvizungukia vijiji vyote kumi na kimoja kwa lori la elimu ya watu wazima, na katika kila kijiji amfundishe mtu mmoja kuimba, kusikiliza na kupapasa, ili mashine isisafiri bila sababu. Ofisi ya elimu imekubali aanze baada ya mavuno. "Fundi anayesubiri barazani anaona nusu ya ugonjwa," anasema. "Nusu ya pili iko nyumbani kwa mgonjwa."

Leo saa nne, Apolinaria anatokea kwenye kona na kikapu. Bisibisi inamponyoka Batuli.

"Usiniambie imerudi!"

"Nimeleta tepu tu, dada. Mzee Masolwa kanituma."

Tepu inawekwa kwenye mashine ya baraza. Mzee Nassibu anasogeza mkeka. Sauti inayotoka ni nzito, imenyooka, inatamka neno moja moja bila haraka: "Nyanyua. Mkono. Kwanza. Ndipo. Uzime. Jenereta. Nimeandika mimi, Masolwa."

Kisha unasikika mlio mdogo, ka! Baada ya hapo tepu ni kimya.

"Amenyanyua mkono," anasema Batuli.