Ng'ombe wa Rangi ya Bihogo

Baba alimwacha ng'ombe mmoja tu kwa mdogo wake, katika milima ya Kivu ya Kusini. Wengine wote waliporwa kabla hatujakimbia. Huyo alikuwa mtamba wa rangi tunayoiita bihogo, wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, baba alimtaja kwa kila mgeni. "Mimi bado niko na ngombe kule," alikuwa akisema, mgongo wake ukinyooka kidogo.

Mwaka jana baba mdogo alituma picha ya huyo ng'ombe kwa simu. Amekua, ameinamisha kichwa majanini, na kando yake kuna bidoni, dumu la maji, ya njano. Simu ya baba iliwahi kuanguka, na tangu hapo kioo chake hupaka kila kitu wekundu. Aliitazama picha hiyo wiki nzima, kisha akaniomba nimchapie kubwa ya kutundika ukutani.

Kuchapa picha ndiyo kazi yangu. Nina kibanda hapa kambini, kompyuta moja na printa ya wino wa kujaza kwa sindano, na ninajivunia jicho langu. Nikachapa. Baba akaisogeza mlangoni penye mwanga, akanirudishia.

"Hii haiko ngombe yangu. Yangu ni bihogo. Hii ni gaju."

Gaju ni kahawia iliyofifia, kama chai yenye maziwa mengi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kuambiwa kazi yangu mbovu kuliniuma. Nikamwambia ni wino tu. Nikasafisha printa, nikanunua karatasi nzito, nikaongeza wekundu. Ng'ombe akaikaribia bihogo, lakini bidoni ikawa rangi ya chungwa na majani yakaonekana yameungua.

"Sasa hii bidon ni ya wapi?" baba akauliza. Akacheka, lakini si sana. "Mashini yako imezeeka. Wende Mbarara, kule wako na mashini muzuri."

Kwa hiyo nilikwenda hadi senta ya Rwekubo nikapanda basi dogo la Mbarara. Mchapaji niliyemkuta alikuwa wa rika langu, mzaliwa wa Kakiika, palepale Mbarara, aliyekulia kwenye ng'ombe. Alikuwa na kidude anachokiweka juu ya kioo cha kompyuta kupima kama rangi ni za kweli. Akaifungua picha, kisha akachukua bidoni ya njano iliyokuwa kwenye kona ya duka, akaisimamisha kando ya kioo. Njano zote mbili zilikuwa sawa kabisa.

"Bidoni iko sawa, basi ng'ombe pia iko sawa," akasema. "Hii ni gaaju, bwana. Hata sisi Banyankore tunaita hivyo."

Printa yangu haikuwa na kosa. Baba mdogo alikuwa ametutumia ng'ombe wa mtu mwingine.

Mchapaji aliona uso wangu. "Unataka bihogo? Mimi nabadilisha ng'ombe peke yake, bidoni naiacha. Hakuna mtu atajua."

Nilitamani kukubali, sikatai. Nilimpenda baba akiwa na ng'ombe wake. Lakini ningeiona picha hiyo ukutani kila siku nikijua nimempa nini, naye angekufa akijivunia rangi niliyomtengenezea mimi. Nikamwambia aichape ilivyo.

Baba aliipokea akiwa nje, juani. Nilianza kueleza habari za kioo na kipimo. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Nilijua tangu ile ya kwanza," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu mashini yako ikuwe ndiyo mbaya."

Nililia, mtu mzima mimi, mbele yake. Yeye hakulia. Aliniomba nimpigie mdogo wake, nami nikajiandaa kusikia ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Akamuuliza hali ya watoto, akamuuliza kama mvua imefika. Akamshukuru kwa picha, akasema ni ngombe muzuri. Kisha, kwa sauti ileile ya salamu, akamuuliza ile yake ya bihogo waliichukua lini.